Asidi Ikimwagika Stoo: Mwongozo kwa Viwanda Vidogo vya Sabuni na Dawa za Usafi

Katika viwanda vidogo vya Dar es Salaam vinavyotengeneza sabuni ya maji, dawa ya choo na dawa ya kufulia nguo nyeupe, vikiwamo vile vya Vingunguti na Buguruni, kemikali tatu hazikosekani stoo: asidi ya hidrokloriki, kostiki soda na haipokloraiti ya sodiamu, ile inayong'arisha nguo nyeupe. Hununuliwa kwa dumu la lita 20 au kwa pipa la lita 200, hupangwa ukutani pamoja na manukato na rangi, na kwa sababu hushikwa kila siku, watu huzizoea. Mwongozo huu unahusu siku ambayo dumu limeanguka na kupasuka, au uma wa foklifti umetoboa pipa. Umeandikwa kwa ajili ya msimamizi wa stoo na vibarua wanaofanya naye kazi, kwa kuwa wao ndio watakaokuwa hapo katika dakika ya kwanza.

Kanuni inayobeba mengine yote ni kwamba kilichokwisha kumwagika kinaweza kusubiri, lakini macho na mapafu hayasubiri. Anayeongeza idadi ya majeruhi mara nyingi ni mtu mwema aliyekimbilia na ndoo ya maji na tambara la deki kabla hajajua kilichomwagika ni nini. Kwa hiyo mfuatano wa hatua zilizo hapa chini usirukwe: watu kwanza, jina la kemikali pili, na usafishaji baada ya hapo, tena iwapo kazi hiyo iko ndani ya uwezo wenu.

Yanayotakiwa kuwapo kabla ya ajali

Anza na lebo. Kemikali iliyohamishwa kutoka pipa kubwa na kutiwa kwenye dumu la mafuta ya kula au chupa ya maji ya kunywa, bila jina, ni hatari iliyoandaliwa kwa mikono yetu wenyewe, na sioni udhuru wowote unaoweza kuihalalisha. Kila chombo kiandikwe jina la kemikali, nguvu yake kwa asilimia na alama ya hatari, kwa maandishi yasiyofutika. Pamoja na lebo, dai kutoka kwa muuzaji karatasi ya taarifa za usalama, ile ambayo stoo nyingi huiita MSDS. Karatasi hiyo ina sehemu 16 zenye mpangilio uleule duniani kote: sehemu ya 4 inaeleza huduma ya kwanza, ya 6 inaeleza la kufanya kemikali ikimwagika, ya 8 inaeleza vifaa vya kujikinga, na ya 13 inaeleza namna ya kutupa mabaki. Ibandikwe nje ya mlango wa stoo, kwa sababu iliyofungiwa ndani haitasomeka siku ambayo ndani hakuingiliki.

Jambo la pili ni kutenganisha. Asidi isikae rafu moja wala upande mmoja na haipokloraiti, kwa kuwa vimiminika hivyo viwili vikikutana sakafuni huzalisha gesi ya klorini. Gesi hiyo ni nzito takriban mara mbili na nusu kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujaa mashimoni badala ya kupaa na kutoweka. Ukuta kati yao unafaa, lakini kinachofaa zaidi ni kila moja kuwa na bwawa lake dogo la zege au sinia la plastiki linaloweza kubeba ujazo wote wa chombo kikubwa kilichomo, ili hata vyombo vyote viwili vikipasuka, vilivyomo visikutane.

Jambo la tatu ni maji. Macho yaliyorukiwa na kemikali yanahitaji kuoshwa kwa dakika 20 bila kukatiza. Pipa la lita 200 lenye koki, lililojazwa maji safi na kubadilishwa mara kwa mara, likitoa lita 5 kwa dakika litatumia lita 100 na kubakiza akiba. Kwa mwili mzima pipa hilo halitoshi. Bomba la mvua la dharura hutumia zaidi ya lita 70 kwa dakika, na ndiyo maana simtanki iliyoinuliwa juu ya jukwaa na kuachwa kwa kazi hiyo peke yake ni ununuzi wa maana katika mji ambao maji hukatika.

Jambo la nne hupuuzwa sana, nalo ni hesabu ya kitu cha kuzimia makali ya asidi. Utakuta stoo ina mfuko mmoja wa kilo chache za magadi, na kila mtu anaamini wamejiandaa. Dumu la lita 20 la asidi ya hidrokloriki yenye nguvu ya asilimia 33 linahitaji takriban kilo 11 za kaboneti ya sodiamu, ambayo ndiyo magadi yaliyosafishwa kwa matumizi ya viwandani, au takriban kilo 18 za bikaboneti. Ikiwa mnatunza pia asidi ya salfuriki ya asilimia 98, dumu la ujazo huohuo linahitaji karibu kilo 39 za kaboneti. Magadi ghafi yana chumvi nyingine na uchafu, kwa hiyo ongeza juu ya kiasi hicho. Pima chombo chenu kikubwa kuliko vyote, piga hesabu, na kama jibu linawatisha, basi mmekwisha kujua kwamba chombo hicho kikipasuka mtaondoka na kuita zimamoto.

Mwisho wa maandalizi ni mahali pa kukusanyikia. Pwani yetu hupata kaskazi sehemu moja ya mwaka na kusi sehemu nyingine, na uwanja uliokuwa salama mwezi Januari unaweza kuwa ndiko moshi unakoelekea mwezi Julai. Teueni sehemu mbili zilizo pande tofauti za kiwanda, na mfunge kipande cha kitambaa juu ya mlingoti ili yeyote anayetoka mbio aone upepo unakoelekea kabla ya kuchagua njia.

Hatua ya kwanza: ondoa watu

Aliyeona dumu limepasuka apaze sauti, ataje mahali na, kama anajua, ataje jina: "Asidi imemwagika stoo, tokeni!" Kila mtu atoke kwa kuelekea kule upepo unakotokea, hata kama mlango wa upande huo uko mbali zaidi. Asiyepita njia hiyo asivuke dimbwi kwa sababu yoyote ile. Foklifti izimwe na kuachwa ilipo kama kimiminika hakijaifikia na dereva anaweza kushuka pakavu.

Mkiwa nje, hesabuni watu kwa majina. Kazi hii ni ya msimamizi, naye anatakiwa kuwa na orodha ya walioingia zamu hiyo, vibarua wa kutwa wakiwamo. Kibarua aliyeletwa asubuhi na asiyeandikwa popote ndiye anayesahaulika ndani.

Iwapo kilichomwagika kinashika moto, kama vile petroli, thina au spiriti, usiwashe wala usizime swichi yoyote, kwa kuwa cheche ndogo ndani ya swichi inatosha. Mvuke wake ni mzito, hutambaa sakafuni na kukutana na moto mbali na pale kimiminika kilipo. Watanzania tuliona katika ajali ya lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, jinsi watu waliosogelea petroli iliyomwagika walivyoteketea pindi ilipolipuka, na waliofariki walizidi 100. Dimbwi la petroli halisogelewi, si kwa kuchota wala kwa kutazama.

Hatua ya pili: mhudumie aliyerukiwa

Maji yaanze kumwagika mwilini mwake mara moja, nguo zikiwa zinavuliwa chini ya maji hayohayo. Watu husita kumvua mwenzao nguo mbele za watu, na heshima hiyo naielewa, lakini suruali iliyolowa asidi huendelea kuunguza kila sekunde inapokaa mwilini. Wengine wageuke au washike kanga kama pazia, na nguo zitoke. Fulana isivuliwe kwa kupitishwa usoni, bali ikatwe kwa mkasi. Anayesaidia avae glovu za mpira, asije akaungua mikono.

Jicho lioshwe kwa maji yanayotiririka taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje, kichwa kikiwa kimelazwa ili maji yasiingie jicho la pili. Mwenye jicho atalifumba kwa maumivu, hivyo mtu mwingine ashike kope kwa vidole na kuzifungua. Kostiki soda ni mbaya zaidi kwa macho kuliko asidi nyingi, kwa kuwa huendelea kupenya ndani ya jicho baada ya maumivu ya kwanza kupungua. Mwathirika wa kostiki soda asiachwe kuoshwa eti kwa sababu amesema amepata nafuu. Aoshwe dakika 20 kamili au zaidi, na ikiwezekana aendelee kuoshwa ndani ya gari akipelekwa hospitali.

Usimpake magadi aliyeungua na asidi, wala siki aliyeungua na kostiki soda. Kemikali mbili zinazopambana juu ya ngozi hutoa joto, na joto hilo huongeza kuungua. Mafuta, dawa ya meno na maji ya barafu navyo visiguse jeraha. Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda. Asukutue kinywa kwa maji na kukimbizwa hospitali. Maziwa, ambayo wengi huyaamini kama dawa ya kila sumu, yasichukue nafasi ya safari hiyo.

Aliyevuta hewa yenye klorini au mvuke wa asidi akalishwe pahali penye hewa safi, nguo za shingoni zikiwa zimelegezwa, na asitembezwe. Hata akisema kifua kimetulia, apelekwe kuonwa na daktari, kwa kuwa mapafu yanaweza kuanza kujaa maji saa kadhaa baadaye, mtu akiwa amekwisha kurudi nyumbani na kulala. Anayempeleka achukue nakala ya karatasi ya usalama au lebo, ili daktari asianze kwa kubahatisha.

Hatua ya tatu: jua jina la kilichomwagika

Soma lebo ukiwa mbali, au muulize aliyekuwa anabeba. Kwenye pipa au kwenye lori lililoleta mzigo tafuta namba ya tarakimu nne ya Umoja wa Mataifa, ambayo zimamoto wa nchi yoyote anaielewa: 1789 ni asidi ya hidrokloriki, 1824 ni kostiki soda iliyoyeyushwa, 1791 ni haipokloraiti, 1830 ni asidi ya salfuriki kali, na 1203 ni petroli. Pua isitumike kutambua kemikali. Kama jina halijulikani hata baada ya kuuliza, ihesabu kuwa ni ile mbaya kuliko zote mlizonazo, na usiendelee na hatua zinazofuata.

Hatua ya nne: amua kama kazi ni yenu

Safisheni wenyewe ikiwa tu mambo yote haya yamekamilika: jina linajulikana, kiasi hakizidi kile mlichokipigia hesabu, chombo hakiendelei kuvuja kwa kasi, hakuna kemikali mbili zilizochanganyika, hakuna hatari ya moto, vifaa vya kujikinga vipo na vimewahi kujaribiwa, na wapo watu wawili waliofundishwa, mmoja wa kuingia na mwingine wa kumtazama kutoka nje. Likikosekana hata moja, fungeni eneo na mpige 114, namba ya bure ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wapeni jina la kemikali, namba yake, kiasi, idadi ya majeruhi na upande upepo unakotokea.

Wanaofanya kazi kwenye mitambo ya kuchenjua dhahabu, kwa mfano Geita au Chunya, waongeze sharti moja: sianidi isikaribiane kabisa na asidi, wala isimwagiwe maji ikiwa ni vipande vikavu, na mtu aliyezirai kwa sianidi asipuliziwe pumzi kwa mdomo. Kazi hiyo ina mafunzo yake maalumu, na mwongozo huu hauwezi kuyabadili.

Hatua ya tano: vaa kabla ya kusogea

Kwa asidi ya hidrokloriki mtu anahitaji glovu nene za mpira zinazopita kiwiko, buti za mpira, aproni ya plastiki, miwani iliyobana uso na ngao ya uso juu yake. Suruali ivaliwe nje ya buti, kwani ikitumbukizwa ndani tone litakaloteremka litaishia kwenye soksi. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii gesi hata kidogo. Inayotakiwa ni barakoa ya mpira yenye kichujio cha gesi: kwa mfumo wa rangi wa Ulaya, kijivu ni kwa gesi kama klorini, njano ni kwa gesi za asidi, kijani ni kwa amonia, na kahawia ni kwa mvuke wa thina na vimiminika vya aina hiyo. Kichujio husafisha hewa lakini hakiongezi oksijeni, kwa hiyo hakitoshi ndani ya tangi, shimo au chumba kisicho na madirisha.

Hatua ya sita: zuia isifike mtaroni

Kabla ya kugusa dimbwi, ziba njia zake. Mfuko wa mchanga au mkeka wa mpira uwekwe juu ya mdomo wa mtaro, kisha tuta la mchanga mkavu lizungushwe upande wa mteremko. Mitaro ya Vingunguti huishia Mto Msimbazi, na watu wa bondeni hawana habari na dumu lenu. Dumu linalovuja lisimamishwe kwa kuligeuza ili tundu liwe juu, kama linaweza kugeuzwa bila kumrushia mtu, na baadaye liwekwe ndani ya ndoo kubwa ya plastiki.

Hatua ya saba: zima makali, kisha zoa

Fungua milango na madirisha kwanza. Asidi inapokutana na magadi hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na lita 20 za asidi ya asilimia 33 zitatoa takriban lita 2,500 za gesi hiyo, kiasi cha kumlewesha mtu ndani ya stoo iliyofungwa. Nyunyiza magadi kwa koleo la plastiki, ukianzia ukingoni mwa dimbwi na kuzunguka, ukisogea ndani kidogokidogo. Povu litapanda na kurusha matone madogo, hivyo subiri litulie kabla ya kuongeza, na usimwage mfuko mzima katikati. Sakafu ya zege pia hutoa povu ikiguswa na asidi, kwa kuwa saruji ina chokaa, kwa hiyo povu pekee lisikudanganye upande wowote. Kipimo ni karatasi ya kupima uchachu (pH): ikionyesha kati ya 6 na 9 baada ya kukoroga na kusubiri, endelea kuzoa.

Maji yasitangulie. Kwa asidi ya salfuriki kali, maji machache yanayomwagiwa juu yake huchemka papo hapo na kuirusha asidi usoni, na kwa hidrokloriki maji hutanua dimbwi na kulipeleka mtaroni. Maji ni ya kuoshea sakafu mwishoni, makali yakiwa yamekwisha.

Kostiki soda ya vipande izolewe ikiwa kavu, kwa ufagio wa plastiki na taratibu ili vumbi lisiruke. Iliyoyeyushwa izungushiwe mchanga, ichotwe, na mabaki yazimwe kwa asidi dhaifu kama ya sitriki, ambayo viwanda vingi vya sabuni vinayo tayari. Hidrokloriki haifai kwa kazi hiyo. Ndoo au sufuria ya aluminiamu isitumike kabisa kuchotea kostiki soda, wala ndoo ya bati kuchotea asidi, kwani metali hizo huliwa na kutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka.

Haipokloraiti haizimwi kwa asidi ya aina yoyote, hata ile dhaifu ya sitriki. Ifyonzwe kwa mchanga mkavu. Maranda na vumbi la mbao, ambavyo viko tele kwa mafundi seremala na hivyo hutumika kirahisi kufyonzea kila kitu, visiguse haipokloraiti, haidrojeni peroksaidi wala asidi ya naitriki, kwa sababu vinaweza kuwaka vyenyewe.

Hatua ya nane: mabaki na taarifa

Mchanga uliolowa, matambara na glovu zilizochafuka viwekwe katika pipa la plastiki lenye lebo, na mfuniko uachwe umelegea kwa siku ya kwanza, kwani gesi ikiendelea kutoka ndani ya pipa lililokazwa italipasua. Pipa hilo halichanganywi na taka za kawaida; likabidhiwe kwa mkandarasi mwenye kibali cha taka hatarishi. Waliosafisha waoshe vifaa vyao vikiwa mwilini, wavue glovu mwisho, kisha waoge.

Ajali iandikwe siku hiyohiyo: saa, kemikali, kiasi, chanzo, nani aliguswa na nani alivuta hewa, hata kama anajiona mzima. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, mwajiri ana wajibu wa kutoa taarifa kwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Aliyeumia naye ana haki ya kudai katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambako daftari lenye maelezo ya siku ya tukio humsaidia sana. Mwajiri anayemshawishi kibarua anyamaze kwa elfu chache anamnyima haki mtu ambaye mapafu yake ndiyo mtaji wake wa maisha.

Stoo isifunguliwe tena mpaka karatasi ya kupimia imeonyesha sakafu yote ni salama, pembe na nyuma ya paleti zikiwamo, na mpaka magadi, mchanga, vichujio na maji yaliyotumika vimerudishwa kwa kiasi kilekile kilichopigiwa hesabu. Usiku huo msimamizi awapigie simu wote waliovuta mvuke, awaulize kuhusu kikohozi na pumzi, na yeyote anayesema kifua kinabana apelekwe hospitali usiku huohuo.